Choo cha Boti na Mtungi wa Shangazi

Kitu cha kwanza nilichofundishwa kwenye boti ile ni choo. Nahodha alinipeleka kwenye kachumba kadogo karibu na ngazi, akafungua mlango, akakaa pembeni ili nipate nafasi ya kuingiza kichwa. Harufu iliyonipokea sijaisahau. Haikuwa harufu ya choo cha shimo, ambayo mtu anaizoea tangu utotoni. Ilikuwa ya kinyesi kilichotiwa dawa ya buluu yenye manukato, kikashinda juani ndani ya plastiki. Kilinuka kama peremende iliyooza. Tangu siku hiyo silambi peremende.

Chini ya sakafu palikuwa na tangi. Kando ya bakuli palikuwa na mpini wa pampu: ukiuvuta unaingiza maji ya mto, ukiusukuma unapeleka vyote tangini. Ukutani, usawa wa goti, palikuwa na koki nyekundu. Ikielekea juu, mzigo unabaki tangini. Ikielekea chini, mzigo unakwenda mtoni.

"Koki hii haiguswi," nahodha alisema. "Mgeni haigusi, wewe huigusi. Naigusa mimi."

Juu ya koki walibandika karatasi ya Kiingereza iliyovikwa plastiki. Boti ilinunuliwa Ulaya ikiwa imekwishatumika, na karatasi ilikuja nayo. Nahodha aliniomba nimsomee, maana nilikuwa nimechukuliwa Kibiti kwa sababu ya Kiingereza changu cha sekondari: niwatafsirie wageni, nioshe vyombo, nitandike vitanda. Nikamsomea. Tangi lipelekwe bandarini likanyonywe kwa mashine. Pasipo mashine, limwagwe bahari kuu. Lisimwagwe kamwe mahali boti imetia nanga, wala karibu na watu wanaooga. Na ikilazimu, basi wakati maji yanapopwa tu, yakienda baharini.

"Umeona?" akasema. "Ndivyo ninavyofanya."

Alikuwa akishika mstari wa mwisho. Mashine ya kunyonya matangi sikuwahi kuiona wala kusikia ilipo. Kwenda bahari kuu kulikula dizeli, na tajiri mwenye boti, aliyekuwa Dar es Salaam, alikuwa mkali kwa dizeli. Ukabaki mstari wa mwisho, na nahodha aliushika kwa uaminifu wa mtu anayeshika sala zake.

"Wenzangu wanafungua koki hata maji yamesimama," alinieleza. "Mavi yanaizunguka boti kama bata. Mimi nangoja maji yapwe, yakimbie kwelikweli. Bahari inachukua, mambo yamekwisha."

Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Sabuni zilikuwa zimerudi madukani, za kila rangi, na mitumba ilimwagwa chini kandokando ya barabara ya Kibiti. Mtu yeyote mwenye fedha aliweza kufungua biashara ya kitu chochote, na tajiri wetu alifungua ya kuwaonyesha wazungu viboko na kuwavulisha samaki katika Delta. Boti ilitoka Dar na wageni, ikapita Nyamisati, ikaingia mtoni, ikatia nanga kwenye kona ya mikoko. Hapo ilikaa mpaka wageni washibe viboko, ikawarudisha, ikaleta wengine. Niliona wanavyokula, na kwa kuwa nilipiga deki choo chao, niliona na kilichofuata.

Chini ya kona ile, mto unakoelekea, kilikuwako kisiwa alikoolewa shangazi yangu. Alikuwa mjane, na pale watu wanaposhukia mitumbwi alikuwa na mgahawa wa makuti: chai, vitumbua, siku nyingine wali wa kamba. Mlangoni aliweka mtungi mkubwa wa maji ya kunywa, umefunikwa kwa kawa, kata imening'inia. Maji yale yalikuwa ya bure, nayo ndiyo yaliyomwita mteja. Mkata boriti aliyetoka mikokoni, mwili mzima tope na chumvi, alisimama kwanza mtungini, akanywa, ndipo akakumbuka njaa. Shangazi alijulikana kwa usafi. Aliusugua mtungi kwa mchanga na majani, na aliyeichovya kata kwa mkono mchafu aliambiwa mbele ya watu wote.

Nahodha mwenyewe alikuwa mteja wake mkubwa. Kila siku boti ilipokuwa pale alishuka na mtumbwi mdogo, akaja kunywa.

"Maji ya melini yananuka plastiki," alimwambia shangazi. "Haya yako, mama, sijui unayatia nini. Matamu."

"Sitii kitu, baba. Ni mtungi tu."

Kisha watu wakaanza kuharisha. Wa kwanza walikuwa wakata boriti wawili, na wenzao wakawacheka. Baadaye wakawa wengi, na kila aliyeulizwa alikula wapi alitaja mgahawa wa shangazi. Nilifika siku moja nikakuta mabenchi matupu, vitumbua vimepoa, na mkata boriti mmoja mwenye mdomo akipita mbali na mlango huku amelishika tumbo lake kwa mikono miwili kwa dhihaka.

"Mama," akaita, "leo umeweka nini mtungini, sanamaki ya kuharisha?"

Shangazi aliendelea kuvifunika vitumbua. Mgahawa ndio uliokuwa ukimlisha yeye na mama mkwe wake kipofu, lakini nilimfahamu: lililomuuma zaidi ni neno uchafu kukaa karibu na jina lake. Aliusugua mtungi mpaka mikono ikachubuka. Aliivunja kata, akanunua mpya. Watu wakazidi kuharisha.

"Nieleze wewe uliyesoma," aliniambia. "Uchafu unaingilia wapi?"

Nilipanda mtumbwi kurudi botini na swali lake. Maji yalikuwa yanapwa kwa kasi, na pale katikati ya mkondo, kati ya boti na kisiwa, nikawapita akina mama waliokuwa wakiteka maji.

Sharti nieleze hapa, kwa sababu nahodha naye alihitaji kuelezwa. Kisiwani kulichimbwa visima, vyote vikatoa chumvi. Maji ya kunywa hutoka mtoni, na hupatikana wakati mmoja tu: yakipwa sana, bahari ikivutwa nje, maji baridi ya mto, yasiyo na chumvi, hushuka yakapita mbele ya kisiwa. Akina mama hutoka na mitumbwi imejaa madumu, wakangoja katikati. Aliye mbele huchota kwa kiganja, akaonja, akatema. Hungoja, akachota tena. Chumvi ikiisha ulimini, husema "tayari," na wote huanza kujaza. Ndivyo walivyofanya mama zao.

Mama aliyekuwa mbele siku ile alichota, akaonja, akatema. Alipotaka kuchota tena, kipande cheupe kikaja kinaelea kuelekea kiganja chake. Akakisogeza kwa vidole, kama mtu anayesogeza povu. Kikaja kingine, hiki kina doa la kahawia.

"Hizi pamba za wazungu zimezidi siku hizi," akasema. Akachota. Akaonja. "Tayari."

Watu wa Delta hujisafisha chooni kwa maji. Karatasi ya chooni hakuna hata mmoja pale aliyewahi kuiona. Mimi nilikuwa nimeifunga ukutani asubuhi ile, nyeupe, laini. Nikatazama juu ya mkondo. Boti ilikuwa imetulia, pua yake imeelekea mto unakotoka, na nyuma yake ulitoka utepe wa maji ya kahawia, mrefu, umekuja moja kwa moja mpaka katikati ya mitumbwi.

Niliwapigia kelele wamwage. Wakanitazama kama mwehu. Nikawaambia ile pamba ni ya nini. Yule wa mbele alibaki na mate mdomoni, hawezi kuyameza wala hakumbuki kuyatema. Kisha akatema, akaendelea kutema hata mate yalipokwisha. Mwenzake aliinua dumu lililojaa, akalitupa mtoni lenyewe.

Nahodha nilimkuta kwenye ukingo wa boti, anafuta mikono kwa kitambaa.

"Nahodha, unawaona wale akina mama?"

"Nawaona kila siku. Wanavua kamba."

"Hawavui. Wanateka maji ya kunywa."

Akacheka. Alikuwa mzaliwa wa kisiwa cha mbali, ambako maji hutoka kisimani kwa ndoo. "Mtu na akili zake ateke maji ya kunywa baharini?"

"Maji yakipwa, yanayopita pale si ya bahari. Ni ya mto. Visima vyote vina chumvi. Wanangoja yapwe, kama unavyongoja wewe."

Alikitazama kitambaa chake, akawatazama wale akina mama. Niliona hesabu ikipita usoni mwake.

"Mtungi wa shangazi yako," akasema. "Nao ni wa hapo?"

"Ni wa hapo."

Aliushika ukingo wa boti, akatapika. Na yale matapishi nayo yakakamatwa na mkondo, yakaenda kulekule. Wageni walikuwa wakinywa kahawa. Mmoja akaniuliza kama nahodha amelewa bahari, nami nikammiminia kahawa nyingine.

Nilidhani shangazi angefurahi kusikia kwamba kosa si lake. Niliwaeleza watu wote waliokuwapo pale mgahawani, kwa mpangilio: tangi, koki, karatasi, maji kupwa. Nilipomaliza hapakuwa na aliyemtazama shangazi vibaya tena. Wote walikuwa wanautazama mtungi. Mkata boriti yule mwenye mdomo alitoka nje, tukamsikia anakohoa kama mtu anayetaka kulitoa koo lenyewe.

Mwalimu wa chuo cha Kurani, aliyekuwa na kikombe cha chai mkononi, alijaribu kutuliza. Akasema maji mengi yanayotembea hayanajisiki mpaka yabadilike rangi, au ladha, au harufu.

"Basi kunywa, mwalimu," mkata boriti akasema kutoka nje.

"Nasema hukumu yake."

"Na mimi nasema kunywa."

Mwalimu akakitua kikombe taratibu, akasema chai imepoa.

Mabenchi yakabaki matupu kuliko mwanzo. Shangazi aliniambia bila hasira: "Mwanzo waliniona mimi mchafu, nikadhani nikisugua vizuri watarudi. Sasa nisugue nini?"

Nahodha alikuja kesho yake. Alivaa shati safi, akasimama mlangoni bila kuketi. Alimwambia shangazi kwamba hatafungua koki tena mtoni. Mzigo ataupeleka nje kabisa, kupita mdomo wa mto, tajiri aseme atakalo kuhusu dizeli. Aliyasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye mitumbwi. Watu walisikia, hakuna aliyesogea.

Shangazi alichota maji mtungini, akajaza kikombe cha bati, akakiweka mezani mbele yake.

"Haya yametekwa leo," akasema. "Karibu."

Nahodha alikitazama kikombe. Nami nilikitazama: maji yalikuwa meupe, yametulia. Alikunywa chote. Koo lake lilipanda na kushuka, na watu walilifuata kwa macho kama wanavyofuata mpira. Alipokitua, mkata boriti akaja na kata, akachota na yeye.

Tangu hapo ikawa ndiyo sheria, ingawa hakuna aliyeiandika. Boti ikiwa imetia nanga kwenye kona, mtungi wa shangazi haukufunuliwa mpaka nahodha aje anywe kikombe cha kwanza. Akina mama walioteka nao walingoja. Madumu yalikaa uani yamefungwa hadi habari itoke mgahawani kwamba amekunywa. Na boti kweli ilitoka nje kumwaga, nilikuwamo, niliiona koki ikigeuzwa mahali ambapo mikoko ilikuwa mstari tu. Kuharisha kukapungua. Shangazi akaanza kupika vitumbua vya kutosha tena. Mzaha ukarudi: walimwita nahodha mwonja mtungi, naye alivumilia.

Kisha wakaja wageni wengi kuliko vitanda, wakakaa muda mrefu kuliko kawaida, na tajiri akaagiza dizeli isiguswe mpaka siku ya kurudi. Niliuona mpini wa pampu ukianza kuwa mgumu. Bakuli likaanza kurudisha lilichopewa, na harufu ile ya peremende ikapanda ngazi mpaka mezani, ikakaa juu ya siagi na mayai. Wageni walilalamika. Asubuhi iliyofuata boti ilikuwa palepale ilipotia nanga, lakini pampu ilikuwa laini, choo hakinuki, na nahodha hakuniangalia.

Tulishuka pamoja kwenda kisiwani. Mgahawa ulikuwa umejaa, mtungi umefunikwa, watu wanangoja. Shangazi alijaza kikombe cha bati, akakiweka.

"Karibu, baba."

Nahodha alikishika. Akakaa nacho mkononi.

"Leo nimefunga, mama," akasema.

Ilikuwa Jumanne, na Ramadhani ilikuwa bado mbali. Mkata boriti akamgeukia mwalimu.

"Mwalimu, hii sunna ya Jumanne tunaisoma kitabu gani?"

Mwalimu alichukua kikombe chake kitupu, akakifudikiza mezani.

Shangazi aliitoa kawa, akaukumbatia mtungi kwa mikono miwili, akautoa nje ya mlango, akauinamisha mpaka maji yakaisha. Kutoka uani kwa jirani nikasikia dumu likimwagwa, kisha jingine mbele zaidi, habari ikiwa imefika bila mtu kutumwa. Watu waliinuka mmoja mmoja kwenda zao. Pale mlangoni mchanga ulikuwa umelowa, na kila aliyepita alishika pindo la kanzu au kanga yake juu, akaruka. Nahodha alibaki ndani peke yake, kikombe kimejaa mkononi, hana pa kukitua.