Kuni za Mtu Aliye Hai

Mume wangu alikuwa fundi cherehani pale Nyasura, Bunda, na mimi ndiye niliyemnenepesha. Nalisema hili mwanzoni ili asitafutwe mwingine.

Tulioana wakati wa shida. Chai tuliinywa na chumvi, na mafuta ya kula yaliyojaa chupa moja ya soda tuliyafanya yatimize mwezi. Kulipokucha tulipanga foleni mbele ya duka la ushirika bila kujua kilichokuja, sukari au sabuni, na mara nyingi hakikuwa kimekuja chochote. Mume wangu alikuwa akishona viraka juu ya viraka, huku akiniambia, "Siku vitu vikirudi, mke wangu, nitakula mpaka meza inikimbie."

Vitu vikarudi. Ikaja ruksa ya kila mtu kufanya biashara, maduka yakajaa, nami sikujua kipimo. Asubuhi nilimpa chai ya maziwa yenye vijiko vitano vya sukari na maandazi manne. Saa nne, soda. Mchana, vichwa vya sangara nilivyovikaanga katika mafuta yale yale ya juzi na majuzi, kwani nani aliyewahi kupanga foleni ya mafuta angekuwa na moyo wa kuyamwaga? Yalikuwa meusi, yananata kwenye karai. Jioni wali na nyama ya mafuta. Na yeye kutwa nzima yuko barazani, amekaa kwenye cherehani, kinachotembea ni miguu tu. Pombe hakuonja hata siku moja. Alikuwa mzee wa kanisa. Mama mkwe alipokuja kutoka Bukima alimfinya shavu akasema mbele za watu, "Huyu mwanamke anajua kutunza." Nilivimba kichwa wiki nzima.

Kisha akaanza kuchoka bila sababu, na kusikia uzito chini ya mbavu za kulia. Tukaenda Musoma. Daktari alimminya ubavuni, akampitisha kwenye mashine, akamuuliza anakunywa chupa ngapi kwa siku. Mume wangu alitaka kuondoka. Daktari akamshika mkono, akatueleza taratibu kwamba ini lake limejaa mafuta, na kwamba si pombe peke yake inayoleta hayo. Sukari nyingi, soda, unga mweupe, nyama ya mafuta, mafuta yaliyochomwa mara kumi, na kukaa: mwili unapewa zaidi ya unavyotumia, ini linaweka akiba, halafu linavimba na kuungua ndani kwa ndani, kimya kimya, mpaka linabaki makovu matupu. "Lakini bado ni mapema," alisema. "Apungue, ini litarudi."

Tukaanza. Mtama niliuleta kutoka Butiama kwa mama yangu. Dagaa nilichemsha, mchicha nikaupika bila kuukaanga, chai ikawa kavu kama ya zamani. Kila asubuhi alitembea mpaka mwisho wa barabara ya kiwanda cha pamba na kurudi. Ndani ya miezi minne alizipunguza suruali zake mwenyewe mara tatu, kwa mashine yake mwenyewe, akiimba. Uchovu ukaisha. Nilifurahi mno, tena nilijisifu.

Tulisahau tunaishi miaka gani. Siku hizo mtu aliyekonda alikuwa na ugonjwa mmoja tu, na jina lake halikutajwa. Watu walisema "ule ugonjwa" na kutazama chini. Na fundi cherehani anakaa barazani, wapita njia wote wanamwona, na macho hayana pazia. Kwanza wateja walikuja kuchukua vitambaa ambavyo havijashonwa, na watoto wetu wakakosa wa kucheza nao. Halafu wakaanza kuja wageni.

Walikuja saa nne asubuhi, wawili watatu, jua likiwaka. Walikaa kwenye benchi, wakitazama viganja vyake. Ukiwakaribisha chai, wanakataa. Walipozungumza, walizungumza wao kwa wao.

"Alikuwaga mkarimu sana," mmoja alisema siku moja.

"Sana. Alikuwaga anashona hata bure."

Mume wangu alikuwa mbele yao, anatunga uzi kwenye sindano. "Bado ni mkarimu," akawaambia. "Niwaletee maji?"

Hakuna aliyecheka. Waliinuka, wakampa mkono kwa mikono miwili, wakaenda. Jirani mmoja akanivuta pembeni, akauliza kwa sauti ndogo, "Na wewe, dada, unajisikiaje?" Akaangalia mikono yangu pia.

Tuliwaambia ukweli. Tulisema ni ini. Walitikisa kichwa kwa upole, na kesho yake ikasemwa kwamba mzee wa kanisa alikuwaga anakunywa gongo kwa siri, na ule ugonjwa umemkuta hukohuko kwenye gongo. Lisemwalo lipo, walisema.

Halafu zikaja kuni.

Kwetu msiba ukitokea, kuni hufika kabla ya pole. Kila nyumba hutoa fungu, kwa kuwa watu watalala pale siku kadhaa na moto hautazimwa. Asubuhi moja nilifungua mlango wa jikoni nikakuta fungu moja limeegemezwa ukutani, kuni nzuri za mgunga, zimepasuliwa sawasawa na kufungwa kwa kamba ya katani. Nilidhani ni mume wangu aliyenunua. Yeye alidhani ni mimi. Asubuhi ya pili yalikuwa matatu. Ya tatu, saba.

Nilizunguka nyumba kwa nyumba nikiuliza. Kila mtu alinijibu, "Si mimi," tena kwa huruma, kama unavyomjibu mjane. Mpaka leo sijui ni nani. Sikuthubutu kuziwasha na sikuthubutu kuzitupa. Nilipika kwa mkaa wa kununua huku zimesimama pale pembeni yangu, na niliapa nikizipa mgongo nasikia zinaongezeka.

Mume wangu aliigeuza mashine yake barazani ili asiuone ukuta wa jikoni. Na siku moja mchana niliingia chumbani nikamkuta amelala chali sakafuni na futi yake ya kupimia. Hakuwa anapima kiuno. Alikuwa anapima urefu.

Wiki ile mama mkwe akaja. Alifunua sufuria yangu, akanusa ugali wa mtama, akafunika. "Mwanangu anakwisha," alisema. "Unamlishaga nini, mama?" Hakuketi.

Alipoondoka, mume wangu akaingia jikoni. "Kaanga," akasema.

"Daktari alisema..."

"Daktari hakai Nyasura. Watoto wetu wanakaa Nyasura. Kaanga."

Ningeweza kukataa. Ukweli ni kwamba moyo wangu ulitulia. Nilikuwa nimechoka kutazamwa mikono. Nikavuta karai, nikakata kamba ya fungu la kwanza, nikawasha. Zilishika moto upesi, zilikuwa kavu. Nilimkaangia vichwa viwili, akala vyote barazani, mbele ya watu, na soda mbili juu yake. Kuni zile zilitutosha karibu miezi miwili, na zilipoisha mashavu yake yalikuwa yamerudi. Wateja nao wakarudi. Musoma hatukwenda tena.

Alipata miaka sita mingine. Mwishoni miguu ilivimba, macho yakawa ya manjano, na maneno yakaanza kumpotea. Mchana mmoja alichukua kikapu akatoka. Nilimfuata. Alikwenda kusimama mbele ya lile lililokuwa duka la ushirika, ambalo siku hizo lilikuwa stoo ya mitumba na mlango wake una kufuli. Alikuwa peke yake juani. Kila baada ya muda alisogea hatua moja mbele, akasimama, akasogea tena.

"Baba, unafanya nini?" nilimuuliza.

Hakugeuka. "Simama nyuma yangu, mke wangu," alisema. "Leo mafuta yapo."

Nilisimama nyuma yake. Sikuweza kufanya jingine. Tulisogea pamoja mpaka tukaufikia ule mlango, ndipo akakubali kushikwa mkono.

Juma lililofuata alitapika damu nyingi. Tulimkimbiza Musoma, akafa kabla ya jioni. Alikuwa bado mnene; jeneza lilibebwa na wanaume wanane.

Tulimzika Bukima. Jeneza lilipofunguliwa, wanawake walipita mmoja mmoja, na niliwasikia wakinong'onezana kwamba angalau amekwenda na mwili wake, ule ugonjwa ulikuwa uzushi tu. Mama mkwe alikuja mwisho. Alimtazama mwanawe kwa muda mrefu, akamgusa shavu, kisha akanishika mikono yote miwili mbele ya watu wote.

"Ahsante, mama," alisema. "Ulinirudishia mwanangu."

Nilimjibu, "Ahsante, mama."