Mikono ya Dobi Kwenye Mashuka Arobaini

Wateja walimwita Mzee Mnyoosho. Alikuwa dobi kwa miaka thelathini na moja, katika chumba kimoja chenye dirisha la barabarani, na hakuna shati lililotoka mikononi mwake likiwa na mkunjo. Tangu mkewe afariki alizidi kuwa mtu wa kazi tu.

Binti yake wa pekee alikuwa msanii. Mwaka uliopita alikuja na kamera ndogo, akaiweka juu ya kabati la nguo safi. "Baba, wewe fanya kazi yako kama kawaida. Mimi nafanya yangu." Akamrekodi miezi minne. Mzee akaizoea ile kamera kama mtu anavyoizoea saa ya ukutani.

Hapo ndipo alipoteleza. Siku moja akiwa peke yake alitoa sandukuni gauni la buluu la marehemu mkewe, akalinyunyizia maji, akalipiga pasi polepole huku akizungumza nalo. Aliliomba msamaha kwa jambo ambalo hakuwahi kumwambia binadamu. Kisha akalia, kilio cha kwikwi. Alipoinua uso, kijitaa chekundu cha kamera kilikuwa kinawaka.

Hakumuuliza binti yake. Angeanzia wapi?

Basi siku moja akaja mwalimu mmoja, mteja wake wa siku nyingi, meno yote nje. "Hongera, mzee! Nimeona tangazo. Binti yako ana maonyesho yake peke yake, na video yako inacheza humo, kubwa kama nyumba!"

Mzee aliwaza gauni la buluu tu. Siku ya ufunguzi alivaa koti, akaenda kama mtu aliyeitwa mahakamani.

Ndani ya ukumbi mashuka meupe arobaini yalining'inia kutoka darini mpaka karibu na sakafu. Ukipita katikati yanakugusa mashavu. Palinukia sabuni na kitambaa chenye moto wa pasi. Na juu ya mashuka, kila mahali, mikono yake: inakamua, inakung'uta, inakunja. Mwisho wa chumba binti yake alisimama nyuma ya meza ya pasi, kimya kabisa. Watu walimpa vazi, naye akalinyoosha na kumrudishia mwenyewe kwa mikono miwili.

Mzee alisimama mbele ya shuka la kwanza akingoja gauni la buluu. Video ikaisha, ikaanza upya. Akaitazama tena. Akahamia shuka jingine, na jingine. Mashati, suruali, mapazia. Gauni hakuna.

Akamwendea binti yake, akainama. "Ile ya gauni la mama yako umeiweka wapi?"

Binti hakutakiwa kutamka neno mpaka mwisho wa onyesho, lakini alinong'ona. "Niliifuta, Baba. Niliona gauni, nikaona unazungumza, nikafuta kabla sijafungua sauti."

"Hukusikia kitu?"

"Hata kimoja. Yale ni yenu wawili."

Mzee alishusha pumzi ndefu, pumzi ya miezi. Akashika ukingo wa meza, akafuta macho kwa kiganja, akatabasamu peke yake kama aliyeokota kitu. Ndipo akaona binti yake anavyopiga pasi kola ya shati la mtu.

"Hebu lete hapa. Kola huanzwa nchani, mama, unakuja katikati. Ukianza katikati, mkunjo wote unaukimbizia pembeni. Nani alikufundisha hivyo?"

Akavua koti. Watu wakasogea, wakidhani ni sehemu ya onyesho. Mama mmoja mwenye miwani akamuuliza mwenzake, "Huyu mwigizaji wamempata wapi?"

"Si mwigizaji," binti akasema, safari hii kwa sauti. "Ni baba yangu."

Makofi yakalipuka. Mzee akawakazia macho. "Makofi ya nini? Leteni nguo!"

Wakacheka, wakaleta: makoti, vitambaa vya kichwa, mpaka soksi. Baba na binti wakanyoosha bega kwa bega hadi ukumbi ulipofungwa.

Maonyesho yalikaa wiki tatu. Kila Jumamosi mchana mzee alifunga duka akaenda kushika zamu mezani ili binti yake apate kula. Mteja aliyelalamika kuwa nguo zake zimechelewa alielekezwa azifuate huko huko.