Punguza Upepo

Fundi miwani wa mtaa ule alikuwa mtu wa vipimo. Kioo kikizidi kwa unene wa unywele, alikirudisha kwenye mashine. Mteja akilalamika, "Lakini mbona naona vizuri tu," alimjibu, "Wewe unaona. Kipimo hakijaona." Dukani kwake maneno "karibu na" na "kama hivi" yalikuwa matusi. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo, akishafunga duka na kupanda gari lake, vipimo vyote aliviacha kaunta.

Gari lenyewe lilikuwa la turbo, la kupanda milima na kuvuka mito. Alilinunua likiwa limetumika, naye akiwa na miaka arobaini na minane, umri ambao wanaume wengine huridhika na kufuga ndevu. Tangu siku hiyo hakuacha kulivisha. Juu alilifungia keria ya chuma, na juu ya keria hema la kukunja, sururu, sepetu na madumu mawili. Mbele alilitundikia winchi ya kujivuta kwenye tope, na ubavuni bomba la kupumulia, refu kama mkonga wa tembo, ili injini isizame mtoni. Barabara mbaya kuliko zote ambayo gari hilo liliwahi kupita ilikuwa tuta la kuingilia benki. Majirani walimbandika jina la Jangwa, naye akalipokea kama cheo.

"Turbo inakula hewa," aliwaeleza wateja wakati wa kuwapima macho, kwa kuwa wakati huo kidevu chao kilikuwa juu ya mashine na hawangeweza kubisha. "Wengine wanachoma mafuta. Mimi nachoma hewa."

Kama ni hewa, basi hewa hiyo iliuzwa kituo cha mafuta. Mke wake, mwalimu wa lugha, alikuwa amepandishwa cheo na kuwa mkuu wa shule katika mji mwingine, kilomita mia mbili na arobaini kwa barabara kuu. Siku za kazi alilala kwenye nyumba ya shule. Jumamosi mumewe alimfuata kumrudisha nyumbani, na Jumatatu alfajiri mke alirudi kazini kwa basi. Kila safari walisimama kujaza mafuta, na wahudumu wa vituo walikuwa wameshaizoea familia hiyo kiasi cha kuulizia watoto kwa majina.

Jumapili moja mama mkuu wa shule aliweka kikombe mezani.

"Baba watoto, daktari wa mifugo amenipigia tena. Analitaka gari. Yeye kazi yake ni matopeni kweli."

"Mwambie haliuzwi."

"Sikiliza. Jumamosi ijayo jaza tangi hapa nyumbani. Njoo unichukue, turudi. Tangi moja, kwenda na kurudi. Ukiongeza tone moja njiani, Jumatatu daktari anachukua funguo, na sisi tunatafuta gari dogo la watu wazima."

Jangwa aliucheka mtihani huo mbele ya mkewe. Alipobaki peke yake hakucheka. Tangi lilibeba lita themanini, na kwa jinsi gari lilivyokunywa, safari nzima ilitaka themanini na zaidi kidogo. Alijiona tayari ndani ya gari dogo, magoti yakigusa masikio, akikutana na daktari wa mifugo amekaa kwenye kiti chake.

Basi alimpigia simu shemeji yake, kaka wa mkewe, dereva wa lori kwa miaka ishirini. Shemeji alikuwa njiani, na sauti yake ilikuja kwa vipande.

"Shemeji, shida yako naijua siku nyingi! Upepo! Upepo ndio unakumaliza!"

"Upepo?"

"Punguza upepo, halafu punguza mguu. Mafuta utayasahau!"

"Niupunguze kiasi gani?"

"Wote unaoweza kuutoa, toa! Nafika mizani hapa, tutaongea." Simu ikakatika.

Jangwa alifungua daftari lake la oda za vioo, akaandika kwa mwandiko safi: *Upepo, kupunguza. Mguu, kupunguza.* Kisha akapeleka gari kwa fundi wa matairi.

"Toa upepo," alisema.

Fundi wa matairi, mwanamke mnene aliyekaa juu ya tairi la trekta kama kwenye sofa, alimwangalia kwa makini. "Unakwenda mchangani, bosi?"

"Barabara kuu."

"Basi tunaongeza. Lami inataka tairi gumu."

"Dada yangu, wewe unaziba matundu. Mimi nimeelekezwa na mtu wa malori."

"Haya. Gari lako, matairi yako, na kesi yako." Akainama, akafungua vali. Matairi manne yakapiga mluzi mrefu, gari likashuka chini taratibu, likatulia kama mzee aliyeshiba. Jangwa aliona kipimo kinashuka kwa hesabu sawasawa magurudumu yote manne, akafurahi. Kosa lenyewe alilipima vizuri sana.

Kuhusu mguu hakuona utata wowote. Jumamosi asubuhi alivua buti zake za kijeshi akaendesha na soksi.

Tangu kilomita za mwanzo gari liliyumba kama limebeba maji. Kila alipokanyaga lilijikokota. Alipokanyaga zaidi, turbo ilipiga filimbi, mwendo ukafika mia na ishirini, na hema kule juu likavuma kama turubai la msiba wenye watu wengi. Madereva waliompita walimwonyesha magurudumu kwa vidole. Yeye aliwapungia mkono. Alidhani wanalisifu gari. Alipofika shuleni, tangi lilikuwa chini ya nusu.

Mkewe alipanda, akatazama geji, akatazama soksi, akafunga mkanda. "Twende," alisema.

Zikiwa zimebaki kilomita arobaini na tano, gari lilikohoa mara mbili likanyamaza kando ya barabara. Jua lilikuwa bado liko juu, kila mtu aliwaona.

"Na yale madumu kule juu?" mkewe aliuliza.

"Matupu."

"Unabeba madumu matupu?"

"Yakijaa yanaongeza uzito."

"Sasa ni ya nini?"

Jangwa alifikiri. "Ya muonekano."

Mama alitoa simu. Jangwa alidhani anampigia daktari wa mifugo. Kumbe alimpigia kaka yake, ambaye alikuwa anarudi na mzigo kwa barabara hiyo hiyo. Baada ya muda lori lilisimama nyuma yao kwa kishindo, na shemeji akashuka na dumu la petroli. Hakufika kwenye tangi. Aliona matairi, akachuchumaa, akabonyeza moja kwa kidole gumba, akauliza taratibu, "Nani amekufanyia hivi?"

"Wewe."

"Mimi!"

"Si ulisema nipunguze upepo?" Jangwa akatoa daftari, akaonyesha.

Shemeji alisoma. Akasoma tena. Kisha akakaa chini kwenye changarawe, akacheka hadi akashika mbavu. "Shemeji! Upepo wa mbele! Huu unaolipiga hilo duka la vifaa ulilobeba juu! Gari yako inasukuma ukuta kutoka asubuhi, halafu wewe umeivua viatu!"

"Na mguu?" mama aliuliza.

"Nilisema asikanyage sana. Asivue!"

Mama mkuu wa shule aligeuza uso upande wa mashamba, mabega yakimtikisika. Aliporudisha uso ulikuwa mkavu. "Vyovyote vile, tangi limeisha. Ameshindwa."

"Ngoja kwanza, dada," shemeji alisema huku akijipangusa. "Wewe ni mwalimu wa lugha. Mtihani ukiwa na swali lenye maana mbili, mnafanya nini?"

 Hapo mama alishikwa pabaya, maana kwa miaka kumi na tisa alikuwa amewaambia walimu wenzake jibu la swali hilo.

"Swali linafutwa," alisema hatimaye, "na mtahiniwa anarudia. Mara moja tu."

Wiki hiyo shemeji alikuja na spana. Alishusha keria, hema, sururu, sepetu na madumu, akang'oa hata winchi. Jangwa alikabidhi kila kitu kama mtu anayekabidhi meno yake. Jirani mmoja alipita, akasimama, akauliza kwa huruma, "Wezi?" Kisha shemeji alifungua mlango wa dereva, akaonyesha kibandiko kidogo chenye kipimo cha upepo wa matairi, kwa mwendo wa lami, mbele na nyuma. Kilikuwepo tangu siku ya kwanza. Mtu aliyekula na kusomesha watoto kwa herufi ndogo hakuwahi kukisoma. Wakajaza upepo kama kilivyosema.

"Na turbo?" Jangwa aliuliza kinyonge.

"Turbo iache ilale. Ukiiamsha, lazima uilishe. Tisini kwa saa, mguu mwepesi, basi. Na buti uvae."

Jumamosi iliyofuata ilikuwa ndefu kuliko zote maishani mwake. Alipitwa na magari madogo. Alipitwa na pikapu iliyojaa nyanya, na mwenye nyanya akamtazama bila heshima yoyote. Kila filimbi ya turbo ilipotaka kuanza, aliinua mguu, na jasho likamtoka. Lakini gari lilinyooka barabarani kimya, na mshale wa geji ukashuka polepole kama mtu asiyetaka kuondoka. Walipoingia getini nyumbani jioni, tangi lilikuwa limebaki zaidi ya robo.

Jangwa alizima injini, akaukumbatia usukani. "Haliuzwi!"

"Haliuzwi," mkewe alikubali. "Kusema kweli ni gari zuri. Sikulijua." Akanyoosha mkono. "Lete funguo."

"Za nini?"

"Jumatatu naenda nalo kazini. Kati yetu wawili, ni nani anayesafiri?"

"Na mimi?"

"Wewe dukani ni dakika nane kwa miguu. Ukitaka matembezi, Jumamosi nitakuja kukuchukua."

Jumatatu alfajiri mkewe alisogeza kiti mbele, akarekebisha vioo, akatoka getini bila haraka. Jangwa alibaki kwenye geti na miwani yake, akitega sikio kama turbo italia. Haikulia. Alimfuata kwa macho hadi kwenye kona, na kwa uchungu wa mtu wa vipimo akakiri moyoni kwamba mkewe anaendesha vizuri kuliko yeye.