Kadi Mbili na Nyumba Iliyoliwa na Ziwa

Daktari wa macho alimwambia mama yangu bila kuzungusha maneno: presha ya ndani ya macho imekula sehemu kubwa ya uwezo wake wa kuona, kilichokwenda hakirudi, na matone yatachelewesha tu kile kilichobaki. Mama akamshukuru. Tulipofika nje akaniuliza kama ile nyumba niliyokuwa namchorea imekwisha. Hakuuliza kitu kingine.

Nyumba yenyewe haipo tena. Ilikuwa kando ya ziwa, mpaka maji yalipopanda, yakaingia sebuleni bila hodi na kukaa. Sasa tumepanga Songo, mtaa wa Uvira ulio juu mlimani, na kutoka barazani tunaona maji yametulia pale tulipokuwa tukianika ndagala, wale dagaa wetu. Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba za watu, kwa hiyo niliamua kuichora na ya kwetu, ndani ya kompyuta, iwe nyumba ambayo mtu anaingia na kutembea chumba hadi chumba. Mama alitaka kuiona mara moja kabla macho hayajafunga. Hilo tu ndilo alilotaka, na lilikuwa mikononi mwangu.

Nilikuwa nimenunua kompyuta ya mtumba, ya wacheza michezo, yenye taa nyekundu chini ya herufi. Majirani walinitania kwamba nimeleta disko nyumbani. Ilikuwa na kadi mbili za picha: moja dhaifu, isiyokula umeme, ya kuandikia barua, na nyingine yenye nguvu, ya kazi nzito kama nyumba yangu. Mashine huhama yenyewe kutoka kadi hii kwenda ile, na kinachoifundisha kuhama ni programu iitwayo draiva, ambayo sisi Uvira tunaiita pilote, yaani rubani kwa Kifaransa. Jina hilo lilizidi kunitia hofu, maana rubani akikosea, abiria hana la kufanya.

Pilote zilikuwa mbili za kuchagua. Moja ya zamani, ya watengenezaji wa kompyuta yenyewe, iliyopimwa kwa kadi zote mbili pamoja. Nyingine mpya, ya watengenezaji wa kadi, inayosifiwa kwa kasi, ila watu mtandaoni walilalamika kwamba kwenye mashine za kadi mbili inaweza kuisahau moja. Nilisoma malalamiko yale mpaka nikahisi homa. Kaka yangu, anayeishi Bujumbura, alinitumia sauti kwenye simu: "Weka mupya, weye! Nani anavaa viatu vya zamani na vipya viko?" Nikaweka mpya.

Nikiwa peke yangu nyumba ilitembea vizuri sana. Nikamwita mama. Akaja, akapitia nyuma ya kabati lililo kando ya meza kama kawaida yake, akaketi karibu kabisa na skrini, kwa sababu sasa anaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Skrini ikafifia kidogo. Nikabonyeza kuingia mlangoni na nyumba ikakwama. Ukuta ukaja vipande vipande, sebule ikaruka, ikasimama, ikaruka tena. Mama akageuza uso.

"Iko inanizungusha kichwa, mwana wangu."

Nikaifuta ile mpya, nikaweka ya zamani. Katikati ya kazi skrini ikawa nyeusi, na mimi nikakaa mbele yake nikiomba Mungu kwa sauti. Ikarudi. Nikajaribu peke yangu: safi. Nikamwita mama: ikakwama vilevile. Nikarudisha mpya. Nikarudisha ya zamani. Nilikuwa natwanga maji kwenye kinu, na kila jioni mama alimimina chai pembeni kidogo zaidi ya kikombe. Nilimfokea kaka kwenye simu kwa kosa ambalo hata sikulijua. Niliogopa kwamba siku nitakayopata pilote sahihi, nitamwita mama na atatazama upande usiokuwa na skrini.

Alasiri moja, mawingu yakiwa yameshuka mlimani, nilimwita tena. Kalamu yangu ilikuwa imeanguka, nikainama kuitafuta chini ya meza, na nikiwa pale chini nikauona mkono wa mama nyuma ya kabati. Ulishika waya wa chaja na kuuchomoa ukutani, taratibu, kama mtu anayefunika chakula.

Nieleze kidogo. Kwetu umeme, au courant, huondoka unavyotaka na hurudi na hasira. Ndio ulioua friji yetu ya kwanza. Kwa hiyo nyumbani kwetu kitu cha thamani hakitumiwi kikiwa kwenye umeme: unakijaza, unakichomoa, ndipo unakitumia. Nililelewa hivyo, na mama kuchomoa waya ni kama mama kufagia, hakuna anayeona. Kumbe mashine ikichomolewa huogopa kumaliza betri, basi huiacha kadi yenye nguvu na kukimbilia ile dhaifu. Nilipojaribu peke yangu, kwa haraka yangu, ilikuwa bado inajazwa betri, waya ukiwa ukutani. Pilote zote mbili hazikuwa na kosa. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kilikuwa kimevaa kitenge.

"Mama! Uko unafanya nini?"

"Niko nachomoa. Courant itaua mashine yako, na weye uko unaisumbukia hivi."

Nilicheka, kisha nikaona nalia kwa hasira. Nikamwomba leo auache waya. Akabaki ameushika.

"Na radi?"

"Ipige tu, Mama."

Haukuwa ujasiri. Niliiogopa radi kuliko yeye. Akapapasa ukuta, akatafuta matundu kwa kidole, akaurudisha waya mwenyewe.

Nyumba ikafunguka. Tukaingia sebuleni, laini kabisa. Aliniambia kijani cha ukuta kimezidi, chetu kilikuwa kimepauka. Jikoni alicheka kuona sufuria kubwa. Katika chumba chake alikaa muda mrefu, akisogeza kichwa polepole ili kila kona ipite kwenye lile tundu lake dogo. Halafu akasema tutoke. Tulipofika nje akaniambia, "Sasa funga mulango."

Sikuwa nimetengeneza mlango unaofungika. Niliuchora wazi, kwa sababu ndivyo nilivyouona mara ya mwisho.

"Siku ile maji ilikuya," mama akasema, "minye nilichomoa vitu vyote. Frigo, redio, vyote. Mulango tu njo sikufunga. Maji ilikuwa inausukuma."

Radi ikalia upande wa ziwa. Taa ikapepesa. Mama hakusogea kwenye kabati.

"Ngoja kidogo, Mama," nikasema.

Nikaanza kuutengeneza mlango, nikikosea herufi kwa kila mngurumo. Yeye alikaa, mikono ndani ya kitenge, akitazama skrini. Nilipomaliza nilishika kidole chake, nikakiweka juu ya herufi. Akabonyeza. Mlango ukajifunga.

"Njo vile, sasa imefungwa," akasema. Akanyanyuka, akapapasa nyuma ya kabati, akachomoa waya.