Kiema, Fundi wa Mitaa ya Kompyuta

Kuna jamaa anaitwa Kiema. Kama umewahi pita hii ploti ya nyumba za kupanga hapa Katoloni jioni, umemwona na hujamwona. Mrefu, begi mgongoni, anatembea kama mtu anaogopa kuamsha mtoto. Mimi nauza smokie, zile soseji, na mayai kwa mkokoteni hapa nje ya geti, kwa hivyo mwenye anaingia namwona na mwenye anatoka namwona. Watu wa ploti wanasema ati Kiema anaringa. Wacha waseme, hawajui kitu.

Kwao ni Kithyoko, huko chini karibu na Tana. Mchana anatengeneza mabango kwa duka moja ya mjini. Akitoka kazi anaingia keja yake, namba nne, anawasha kompyuta, anajenga mitaa.

Usicheke kwanza. Kuna gemu ya kuishi. Hakuna bunduki, hakuna mpira. Ni watu wadogo ndani ya kompyuta, wanaamka, wanapika, wanaenda job, wanapendana, wanakosana, wanazeeka. Wewe unawapea nyumba halafu unaangalia vile watajipanga. Gemu inakuja na mitaa yake ya kizungu, nyumba moja huku, ingine kule, nyasi katikati. Kiema akaona huo ni upuzi. Akaanza kuchonga mitaa yake: barabara ya murram, kinyozi, kibanda ya mboga, ploti ya mabati, na nyuma milima kama hii yetu ya Iveti. Akimaliza anaweka kwa internet, mtu yeyote dunia hii anachukua bure na anaingiza watu wake.

Kuna siku alinitolea hiyo kompyuta hapa kwa mkokoteni anionyeshe.

"Siri ni hii," akaniambia. "Mlango iangalie mlango. Bomba ya maji iwe moja, katikati. Kamba ya nguo ipite mbele ya kila mtu. Hapo hata ukiweka watu hawapendi watu, watasalimiana tu. Watapitia wapi ingine?"

Na ni ukweli. Nikaona mama mdogo wa kompyuta amesimama kwa bomba na ndoo, mzee anatoka kwa nyumba anampungia mkono, wanaanza kupiga domo. Kuna mwanamke wa Brazil alikuwa amemwandikia, ati watu wake tangu waingie mtaa ya Kiema hawakai pweke. Kiema alinisomea hiyo ujumbe, akamaliza, akanisomea tena.

"Na hapa kwenu je?" nikamuuliza.

Akafunga kompyuta. Ju hapa kwao ndio hivyo hivyo kabisa! Milango zinaangaliana. Bomba ni moja. Kamba ni moja. Na mtu akiingia anafunga mlango, pap, basi. Ukimsalimia hapo kwa bomba anakujibu akiangalia ndoo.

Halafu mwezi wa nne typhoid ikamshika. Mimi sikuwa hapa, nilikuwa nimeenda Muthetheni kuzika susu, nyanya yangu. Jamaa alilala hapo ndani hata maji hana, na watu wanafua nje ya dirisha yake. Siku yenye alipata nguvu kidogo alijivuta mpaka barabarani, boda ikampeleka hospitali. Niliporudi nilipata mtu amekauka, shati inamvaa.

"Nilisikia mtu anakung'uta blanketi hapa dirishani," akaniambia. "Nikasema, 'wewe.' Sauti haikutoka. Ningekufa, wangejua na harufu."

"Asi! Wacha hiyo maneno."

"Nataka mtu mmoja tu kwa hii ploti. Mmoja. Mwenye akiona mlango yangu imekaa sana imefungwa, atagonga."

"Na mimi?"

"Wewe unalala mbali, Mumbuni."

Nikamkatia yai.

Akafikiria wiki nzima, na mahali alienda kutafuta jibu ni kwa gemu. Huko ukihamia mtaa, majirani wanakuja na keki kukukaribisha. Kiema alikuwa hapo kitambo na hakuna mtu alikuja na hata kiberiti. Kwa hivyo akasema yeye ndio ataenda kwao.

"Na keki?" nikacheka.

"Muthokoi. Na nitawapea na bakuli yangu. Bakuli si lazima irudi? Na ndio irudi, lazima mtu agonge."

Manze! Hiyo ilikuwa akili.

Jumapili akaamka mapema, akachemsha hiyo mahindi na maharagwe mpaka ploti yote ikanukia nyumbani. Watu wakatoka kanisa. Akaanza na mlango inaangalia yake, kwa Maundu, mwenye anafanya kazi kampuni huko Mavoko. Geti ilikuwa wazi, nikasikia kila kitu.

"Niaje, Maundu. Nimekuletea muthokoi."

Maundu akaangalia bakuli. Akamwangalia yeye. "Nani amekutuma?"

"Hakuna mtu."

"Unasimama MCA, unatafuta kura?"

"Zii. Ni chakula tu."

"Chakula tu." Akanusa. "Na umeweka mchele?"

Hakuwa anaongea juu ya wali. Mchele ni ile dawa watu wanawekewa kwa pombe, unaamka simu hakuna, viatu hakuna.

"Maundu, mimi ni jirani yako."

"Basi kula wewe kwanza."

Na Kiema akakula! Amesimama hapo mlangoni na kijiko, Maundu anamwangalia koo kama daktari. Damu ikanipanda.

"Maundu!" nikapiga nduru. "Simu yako yenyewe imefungwa na raba bendi, nani ataiba hiyo takataka?"

"Wee wa smokie, uza smokie!" Akamgeukia Kiema. "Mimi nimeshiba." Mlango, pap.

Kwa wengine hakukuwa na maneno mengi. Mama mmoja alimuuliza ni ya kanisa gani, akamwambia wao ni Wakatoliki na hawahami. Kwingine pazia ilitingika tu, na redio ikazimwa.

Akafika kwa Wendy, msichana wa duka ya dawa, nyumba ya mwisho.

"Unauza ngapi?"

"Ni bure."

"Bure ya nini?"

"Ya ujirani."

Wendy akafikiria. "Aki asante. Weka hapo kwa stuli."

Kiema akanijia hapa nje meno yote inaonekana. "Amechukua," akasema. "Amechukua na bakuli."

Hiyo furaha haikukaa. Ndambuki, ule keateka anachunga ploti, akafika na koti yake ya kanisa. "Kijana, nimepigiwa simu. Wanasema unapeana chakula."

"Ndiyo, mzee."

"Kwa nini?"

"Mimi ni jirani."

"Nani amekataa? Lakini hiyo mambo wacha. Mtu akiumwa na tumbo hapa, ni mimi nitaitwa."

Nikamwambia vile nafikiria juu ya ploti yake. Akaniambia nisongeshe mkokoteni. Sikusongesha.

Sasa Kiema akaanza kungoja bakuli. Akitoka kazi anaenda nyumbani moja kwa moja. Alifagia, akanunua kikombe ya pili, akaweka majani ya chai karibu na jiko. Kompyuta hakuwasha, ju akijenga anaweka earphone, na hakutaka kukosa kusikia mlango.

Alikuwa ndani siku yenye Wendy alitoka. Jua ilikuwa inaenda. Nilimwona na macho yangu, amebeba bakuli, anatembea na vidole. Akainama mbele ya namba nne, akaiweka chini polepole isigonge simiti, akarudi kwake haraka.

Kiema alifungua kumwaga maji, kidogo aikanyage. Imeoshwa vizuri. Akaangalia huku na huku. Mimi nikajifanya nakata nyanya. Akaenda mpaka nyumba ya mwisho, akagonga.

"Nani?"

"Kiema."

"Kiema gani?"

"Wa namba nne."

TV ikapunguzwa. "Bakuli si nimekuwekea hapo nje?"

"Nimeiona. Nilitaka tu kusema asante."

"Haya."

Akangoja. Hata kola alirekebisha. Mteja wangu alikuwa ananiuliza yai iko wapi, nikamwambia anyamaze kwanza. TV ikarudi juu vile ilikuwa.

"Chumvi ilikuwa sawa?" Kiema akauliza mlango.