Sauti ya Roda Andati

Watu wa Ikolomani walimjua Roda Andati kwa masikio kabla ya kumjua kwa macho. Kila asubuhi alisoma habari katika stesheni ndogo ya redio mjini Kakamega, kwa sauti nzito iliyovuta pumzi kidogo kabla ya kutaja jina la mtu. Akikasirika, r yake iliteleza na kura ikawa kula. Wasikilizaji walimcheka, lakini hawakuhama stesheni.

Wiki chache kabla ya uchaguzi mdogo wa wadi, alikwenda Malinya, alikozaliwa, kuzungumza na wajane wa wachimbaji dhahabu. Shimo lilikuwa limeporomoka, na mwenye shimo akaamuru lifukiwe huku waliokuwa juu wakiendelea kusikia nyundo zikigonga huko chini. Mtu huyo sasa alikuwa akigombea uwakilishi wa wadi. Roda aliwaweka wajane hewani, wakasema wenyewe. Mmoja wao, Naliaka, alisema, "Bwana yangu aligonga mpaka jioni. Halafu akanyamaza."

Hazikupita siku mbili, polisi wakamchukua studioni. Roda alidhani ni kwa ajili ya habari ya shimo. Kumbe ofisa alikuwa na jambo lingine. Alibonyeza simu, na Roda akajisikia akisema, "Kituo cha kupigia kula cha Malinya kimehamishwa. Atakayekwenda pale asilaumu mtu akirudi na damu."

"Sijasema hayo mimi," Roda alisema.

"Hii si sauti yako?"

Ilikuwa yake. Pumzi yake ilikuwamo. Hata kula ilikuwamo.

Alishtakiwa kwa kueneza mtandaoni habari za uongo za kutia watu hofu. Korti ilimpa dhamana kwa sharti kwamba asitangaze popote wala asizungumzie kesi hadharani hadi imalizike. Nje ya korti, wakili wake Jepkosgei alimweleza kwamba rekodi itapelekwa kwa wataalamu, na kesi itatajwa tena baada ya uchaguzi.

"Na hiyo sauti inayozunguka kwa simu za watu?" Roda aliuliza. "Yenyewe imekatazwa kusema?"

"Aliyeshtakiwa ni wewe," Jepkosgei alisema. "Nyamaza, dada. Ukifungua mdomo tu, watakurudisha ndani."

Roda akaenda kukaa kwa mama yake, Zipporah, kule Malinya. Aliposalimia pale kwenye kinu cha kusaga mahindi, wanawake waliitikia kwa vichwa, wakatazama unga. Asubuhi moja alikuwa akiosha sufuria nyuma ya jiko, mama yake akatoka mbio shambani, jembe mkononi.

"Umeniita?"

"Hapana, Mama."

"Nimekusikia. Ulikuwa unaongea pale kwa jirani."

Wakasimama wote wawili wakisikiliza. Ng'ambo ya ua wa michai, sauti ya Roda iliendelea kuongea, taratibu, kama mtu aliyekaribishwa chai. Ilikuwa rekodi mpya. Ilisema, "Wale wajane niliwafundisha maneno. Hakuna mtu aliyegonga chini."

Mama yake alimshika mkono. Halafu, pole pole, akauachilia.

Tangu siku hiyo Roda alianza kuogopa koo lake. Akiwa peke yake alinong'ona jina lake, akasikiliza, akanyamaza tena. Kuna wakati alijiuliza kama kweli aliyasema maneno hayo, kisha akasahau.

Naliaka alikuja kabla wiki haijaisha. Hakuketi.

"Ulituita waongo," alisema.

"Si mimi, Naliaka."

Naliaka alirudi nyuma hatua moja. "Ndivyo unasemanga hata kwa simu. Sauti ni hii hii." Alitoa simu yake. "Funga mdomo. Usiongee."

Akaiwasha ile rekodi, macho yake yakiwa kwenye midomo ya Roda. Sauti ilisema, ikapumua, ikataja jina la Naliaka. Midomo haikutikisika. Chozi lilimshuka Roda mpaka kidevuni, na sauti haikuyumba hata kidogo.

"Mungu wangu," Naliaka alisema. "Inaongea na wewe uko hapa. Wewe unalia, yenyewe haina habari."

Wazo lililofuata lilikuwa la Naliaka. Jumamosi, uwanja wa kupiganisha mafahali ulipokuwa umejaa na ngoma zimepumzika kidogo, alimwomba mtangazaji wa mchezo kipaza sauti. Roda akasimama kando yake, mdomo umefungwa kama sheria ilivyotaka. Naliaka akaweka simu kwenye kipaza sauti.

Sauti ya Roda Andati ikatanda uwanjani, ikirudi kutoka kwenye miti. Wa mbele walimtazama usoni. Waliokuwa nyuma wakasukumana waone. Kimya kilienea safu kwa safu, na mzee mmoja akavua kofia yake kama yuko matangani. Hata fahali mmoja aliyekuwa akiparua ardhi alitulia.

Rekodi ilipokwisha, Naliaka alichukua kipaza sauti. "Bwana yangu aligonga mpaka jioni," alisema, na safari hii hakuna aliyemwita mwongo.

Siku ya kura kituo kilikuwa palepale, na foleni ilikuwa ndefu. Mwenye shimo alishindwa, ingawa si kwa kura nyingi. Baadaye upande wa mashtaka uliondoa kesi bila kutoa sababu. Aliyetengeneza sauti ile hakujulikana, na Jepkosgei alimwambia Roda asitarajie kwamba atajulikana.

Wandera, mhariri wake, alimrudisha kazini. Lakini kabla hajamaliza taarifa ya kwanza, simu zilianza kuingia: Ni wewe kweli? Tutajuaje? Roda akasema hewani, "Mwenye shaka aje anione."

Wakaja. Studio ilikuwa na dirisha la kioo lililotazama barabara, na kesho yake akiinua macho kutoka kwenye karatasi aliwakuta wamesimama nje, wanawake kwa wanaume, wengine na mizigo kichwani. Hawakupunga mkono wala kutabasamu. Walitazama mdomo wake tu, neno kwa neno, mpaka taarifa ikaisha.