Fundi Enanga Kwenye Uwanja wa Tenisi

Rutashobya alikuwa na miaka arobaini na mbili aliposhika raketi ya tenisi kwa mara ya kwanza, na aliishika kama fundi, si kama mchezaji. Ilikuwa mwaka 1965. Nyumbani kwake Kitendaguro, juu ya mji wa Bukoba, alikuwa na kibanja cha migomba na mibuni kama jirani zake wote, lakini watu walimjua zaidi kwa kuchonga enanga, kile kinanda cha Wahaya chenye umbo la hori dogo, na kukifunga nyuzi alizozisokota mwenyewe kwa mishipa ya ng'ombe.

Raketi aliletewa na Buberwa, bwana shamba wa wilaya. Nyuzi tatu zilikuwa zimekatika, na za dukani zilitakiwa kuagizwa mbali na kusubiriwa meli.

"Waitu, bwana wangu, nyuzi ni nyuzi," Buberwa alisema. "Wewe unazikaza mpaka zinaimba. Hizi nikazie tu."

Haikuwa rahisi hivyo. Mara ya kwanza Rutashobya alianza kukaza upande mmoja mpaka akaumaliza, na asubuhi yake akakuta fremu imepinda kama ungo ulionyeshewa. Akafungua zote, akailaza raketi siku nne chini ya mawe, akaanza upya: uzi mmoja kulia, mmoja kushoto, kila mmoja akiugonga kwa kucha na kuusikiliza.

Buberwa alipokuja kuichukua, fundi alimwonyesha zile nyuzi za zamani.

"Tazama zilivyolika. Zote zimelika huku chini, karibu na mpini. Kwa nini?"

"Sijui."

"Nadhani unausogelea mpira mno. Unakufika tumboni, mkono unakosa nafasi. Ungesimama hatua moja mbali, ungeupiga hapa katikati."

Buberwa alicheka. Lakini jioni ile alijaribu hatua hiyo moja, na mipira iliyokuwa ikijikwaa kwenye neti ikaanza kuvuka. Wiki iliyofuata alirudi Kitendaguro na raketi nne za wenzake. Rutashobya alizisoma moja moja. Huyu anauchelewa mpira, huyu anaufukuzia kwa ncha. Ya nne aliigeuza mara mbili kwenye mwanga. Nyuzi zake zilikuwa zimelika katikati tu, mahali pasipozidi ukubwa wa yai.

"Hii ya nani?"

"Ya nesi Penina, wa hospitali."

"Huyo nataka nimwone akicheza."

Ndivyo alivyoteremka mjini, kwenye uwanja ule karibu na ziwa ambapo zamani walicheza maofisa wa Kiingereza. Sasa walicheza makarani, walimu, manesi na wenye maduka, na mistari ya chokaa waliichora wenyewe. Penina alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na kitu, Mlutheri, mwenye maneno machache. Alimtazama mgeni wake aliyekaa saa nzima bila kupepesa, kisha akampa raketi.

"Karibu, mzee. Umeziona nyuzi zangu, na mimi nione mkono wako."

Mpira wa kwanza ulivuka uzio ukaangukia barabarani. Wa pili ukaufuata.

"Unaikaba," Penina alisema. "Hilo si koo la mwizi. Shika kama unamsalimia mtu mkono. Haya. Sasa geuza bega kabla mpira haujafika, si ukishafika. Upige ukiwa mbele yako, na ukishaupiga usiukate mkono, uache uende unakotaka kwenda."

Mikono ya Rutashobya ilijifunza upesi. Ilikuwa mikono ya kazi. Miguu ndiyo iliyomsumbua. Maisha yake yote alikuwa amechonga akiwa ameketi, na uwanjani alisimama kama nguzo mpaka mpira ukampita. Penina akamtafutia dawa: kila mpinzani anapokaribia kuupiga, aruke kidogo, kama mtu aliyekanyaga siafu. Akitua, miguu iko tayari kwenda upande wowote.

Basi akaenda akiruka siafu. Siku ambazo ghala la kahawa la Kitendaguro lilifungwa, alipiga mpira ukutani mwake, mara mia kwa mkono wa kulia, mara mia kwa upande wa kushoto. Mkewe Georgina alimkuta huko akitoka kisimani.

"Baba Theopista! Mtu mwenye mvi anapigana na ukuta?"

"Ninajifunza, Mama Theopista."

"Na migomba itapaliliwa na ukuta?"

Alipalilia asubuhi, akachonga mchana, akateremka ziwani jioni mara mbili kwa wiki. Kuanzisha mpira kulimchukua karibu mwaka mzima, kwa sababu alikuwa akiurusha juu ovyo kisha anaukimbilia. "Usiutupe," Penina alimwambia. "Uweke juu ya kabati. Kabati halihami." Na jambo jingine alilirudia hata alipokuwa amechoka: neti ina kimo kidogo katikati kuliko pembeni, kwa hiyo ukiwa na shaka pitisha katikati, ukiwa taabuni piga juu na mbali, upate muda wa kurudi mahali pako. "Mpira uvuke mara tatu kwanza. Ndipo uanze kuwa mjanja."

Mwaka 1968, Sabasaba, wachezaji wa Bukoba walialikwa Muleba, kwenye uwanja wa shule moja ya huko. Walikwenda kwa lori. Katika mchezo wa wawili wawili, Penina alimchagua Rutashobya, na wapo walionung'unika. Wapinzani wao walikuwa walimu wawili: Mwijage, kijana mwenye mabega, aliyeanzisha mpira kwa kishindo, na Klaudia, aliyekaa karibu na neti na hakusamehe mpira wa juu.

Seti ya kwanza walishindwa sita kwa moja. Rutashobya alikuwa ameona watu wamejaa, akataka kurudisha kishindo kwa kishindo, na mipira yake ikaenda kwenye mahindi. Walipopumzika alikaa akitafuna buni zilizokaushwa, kichwa chini.

"Nani amekuambia upige kama Mwijage?" Penina aliuliza.

"Ana nguvu sana."

"Basi nguvu anayo yeye. Ya nini wewe kuongeza? Weka raketi tu, shika imara, mpira utarudi na nguvu yake mwenyewe. Na jingine. Mpira ukimjia juu upande wa kushoto, anafanya nini?"

Rutashobya aliacha kutafuna. Alikuwa ameliona jambo hilo bila kulifikiri. "Anauzunguka, aupige kwa kulia."

"Akizunguka anakwenda wapi?"

"Katikati. Karibu amkanyage mwenzake."

"Na upande wake wa kulia?"

"Hakuna mtu."

Seti ya pili haikuwa na kishindo. Rutashobya alipeleka mipira ya juu, mirefu, upande wa kushoto wa Mwijage, mmoja baada ya mwingine bila haraka. Mwijage alizunguka, akabanana na Klaudia katikati, na Penina akatia mpira taratibu mahali palipobaki wazi. Watu wa Muleba wakaanza kucheka, kisha wakaanza kumshangilia mzee. Walishinda saba kwa tano.

Ya tatu walishindwa, nane kwa sita. Mwijage hakuwa mjinga. Alikuwa amekubali hatimaye kuupiga kwa upande wa kushoto, na ingawa aliupiga vibaya, ulivuka. Lakini Rutashobya alitoka uwanjani akitabasamu hivi kwamba aliyefika amechelewa angedhani ameshinda. Pointi moja tu aliihesabu moyoni: mpira wa Mwijage ulikuja kama jiwe, naye akaweka raketi, na ukarudi chini ya miguu ya Klaudia kabla hajainama.

Mwijage alimfuata kwenye chakula, na sahani ya ndizi mkononi.

"Mzee, miaka minne nacheza hapa, hakuna aliyewahi kunionyesha ubovu huo."

"Lete raketi niione."

Nyuzi zilikuwa zimelika nchani. "Unauchelewa, mwalimu, kisha unaufukuzia kwa ncha," Rutashobya alisema. "Huna haja ya kuuzunguka. Geuza bega mapema tu, upande huo utakutii."

Mkuu wa shule alikuwa amekaa karibu, akasikia. Kabla lori halijaondoka alikuwa amemwomba Rutashobya awe anakuja mara mbili kwa mwezi kufundisha. Alikwenda kwa zaidi ya miaka minane. Ilikuwa miaka ya elimu ya kujitegemea. Wanafunzi walilima kwanza, ndipo wakaja uwanjani na udongo kwenye magoti. Mipira ilipokuwa adimu aliwafundisha bila mpira, mistari mirefu ya vijana wakigeuza mabega na kuruka siafu, na waliopita barabarani walidhani ni gwaride la namna mpya. Mipira iliyokuwapo ilikuwa imekwisha manyoya. Waliipiga hivyo hivyo.

Mwaka 1976 alicheza na Immakulata, msichana wa kidato cha tatu, akashindwa sita kwa tatu. Mara tano au sita msichana yule alimvuta nyuma kwa mpira mrefu, kisha akadondosha mfupi karibu na neti, na Rutashobya akabaki akiutazama.

"Nani amekufundisha huo mfupi?" alimwuliza walipopeana mikono. "Mimi sikukufundisha huo."

"Hakuna, mwalimu. Niliona tu hupendi kukimbia mbele."

Rutashobya alicheka mpaka akashika neti. Akamwita Mwijage aje asikie, akamtaka msichana arudie maneno yake mbele ya wenzake wote, neno kwa neno. Kisha akaketi kivulini, akavua viatu, akaomba maji.